Ndoo ya Gapi Haikurudi Tupu

Nilianza na gapi sita, samaki wadogo wa mapambo, kwenye tangi la kioo sebuleni kwetu Kasulu. Mimea niliing'oa mwenyewe kijitoni, njia ya kwenda Kibondo, nikaipanga kwa rula. Ndiyo, kwa rula. Mengine yote nilijifunza kwenye simu. Miezi mitano baadaye sikuweza tena kuwahesabu; nikifika themanini wameshachanganyika, naanza upya.

Kila asubuhi niliwakuta wamepanda juu, midomo wazi, wanatafuta hewa. Pampu yangu moja ilikuwa imezidiwa, na umeme wa huku tunaujua. Ungekatika kwa muda mrefu, ningewapoteza wote, pamoja na jike wangu wa kwanza mwenye mkia wa rangi ya chungwa, mama wa karibu wote wale.

Nilishasoma la kufanya: baki na madume tu, wengine waondoe. Kuua nilishindwa. Kuwamwaga kijitoni kungeharibu maisha ya samaki wa pale. Nikachagua njia ya woga. Nilitia thelathini kwenye ndoo ya bluu, nikampelekea jirani yetu, mama muuza vitenge, mwenye pipa la maji ya mvua uani.

"Dagaa gani hawa?"

"Wa kuangalia tu, mama. Watakula viluwiluwi vya mbu."

"Dagaa wa kuangalia. Mwanangu, wewe njaa hujaiona."

Akawapokea. Sikumwambia wanavyozaana. Niliogopa atakataa.

Baada ya miezi miwili, tangi langu likiwa limeshajaa tena, alikuja na ile ndoo, ameifunika kwa kanga. Nilidhani ni maharage.

"Chombo cha mtu hakirudishwi kitupu," akasema, akaifunua. Gapi. Wengi kuliko niliompa, wengine wadogo kama punje za ulezi.

Nikasema asante. Nikamtilia chai. Hajafika nusu kikombe, mlio wa pampu ukanyamaza.

Nilikaa mbele ya mgeni huku nikiangalia tangi nyuma ya bega lake. Wakaanza kupanda, wachache, kisha kundi zima.

"Mbona jasho linakutoka? Chai nakunywa mimi."

"Mama, nilikudanganya," nikasema. "Nilikuletea kwa sababu mimi nashindwa kuwaua."

Akaweka kikombe chini. "Kumbe ulinitupia mzigo. Na mimi nina bata uani, wanapita pale kwenye pipa wanameza mate, nawafukuza. Nasema zawadi ya mtoto wa jirani hailiwi."

Nikachukua wavu mdogo wa kuvulia. Nilivua mwenyewe, majike na watoto wao, nikiwatia kwenye ndoo ileile. Alibaki yule wa mkia wa chungwa. Nikamzungusha ndani ya wavu, nikamwachia, nikamvua tena.

"Huyo vipi?"

"Huyu ndiye mama yao."

"Basi ukimwacha huyo hujafanya kitu."

Nilimtia kwenye ndoo. Nikaifunika kwa kanga yake mwenyewe, nikambebea hadi mlangoni kwake. Uani sikuingia.

Umeme uliporudi, madume kumi na moja walikuwa wanaogelea chini, kati ya majani, midomo imefungwa.

Siku ya tatu ndoo ilirudi. Ndani yake mlikuwa na mayai manne ya bata. Niliyachemsha, nikala mawili, na mengine mawili sikuweza.