Kutetea Elektroni Nyanchwa

Tasnifu yangu ya uzamili niliitetea nikiwa sebuleni kwa dada yangu, mtaani Nyanchwa. Watahini walikuwa Nairobi, nikiwaona kwenye laptopu. Mama alikuwa amekuja kutoka kijijini Kiogoro kushuhudia, akaketi nyuma yangu kimya kama yuko kanisani.

Nilikuwa nimesomea jinsi atomu inavyopoteza elektroni ikipigwa na leza kali sana. Nilipofika kwenye mchoro wa tatu, stima ikapotea. Betri ya laptopu ilikuwa imekufa tangu zamani, kwa hiyo kila kitu kikazima.

"Aki stima!" dada akafoka, akanipa simu yake. Nikajiunga tena, lakini michoro yote imebaki kwenye laptopu.

"Basi tueleze bila hiyo," akasema profesa mmoja, mwanamke mwenye sauti ya upole. "Taa ya kawaida hata iwake siku nzima haing'oi elektroni. Kwa nini leza ing'oe?"

Dada ni mwalimu wa shule ya msingi, mkobani hakosi chaki. Akanipa moja, akaielekeza simu kwenye mlango wa chuma. Nikachora elektroni shimoni, na ukuta unaoizuia isitoke.

"Chembe moja ya mwanga huu haina nguvu ya kuirusha elektroni nje," nikasema. "Taa huleta chembe hizo chache chache. Leza inazimwaga nyingi kwa pamoja, elektroni inaweza kumeza kadhaa kwa mpigo ikatoka. Leza ikizidi kuwa kali, uga wake wa umeme, yaani nguvu inayoivuta elektroni, unaupinda ukuta wenyewe." Nikafuta upande mmoja kwa kiganja, nikauchora tena, safari hii mwembamba. "Hapo elektroni inapenya. Atomu inayobaki ndiyo ioni."

Profesa yule akasogea karibu na kamera.

"Na ikishatoka inaenda wapi?"

"Nyingine zinaenda moja kwa moja. Nyingine, uga ukigeuka, zinarudishwa kwa kasi na kugonga palepale zilipotoka."

Profesa akacheka. Wakaniweka pembeni wajadiliane, kisha wakaniita: nimepita, nirekebishe mambo madogo tu.

Mama, ambaye Kiingereza chetu chote kilimpita, aliniuliza kwa Kigusii tunasherehekea au tunalia. Nilipomjibu alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka kuuliza nani anaolewa. Dada akawaambia si harusi, ni fizikia. Wakaingia hivyo hivyo, tukawatilia chai.