Waliombeba Evarist

Usiku ule nililala bila hata kunawa miguu. Tulikuwa tumemwaga zege tangu asubuhi, na mwili uliniuma kila kiungo. Mke wangu alikaa ukingoni mwa kitanda, akanikumbusha kwamba kesho alfajiri jumuiya inasali nyumbani kwetu, na desturi ni baba wa nyumba kuwakaribisha majirani na kufungua sala.

"Fungua wewe," nikasema. "Niwakilishe."

"Nimekuwakilisha tangu tufunge ndoa, Baba Joshua. Na mimi nachoka."

Nikavuta shuka. Wanaume wa mtaa wetu karibu wote tunawakilishwa. Jumamosi kukipambazuka wake zetu wanajitanda khanga wanakwenda kusali, sisi tunageukia ukutani. Aliyekuwa anakwenda ni Evarist peke yake, rafiki yangu, dereva wa lori la mchanga. Tulimtania mpaka tukachoka wenyewe. Tulimwita Mama Jumuiya. Alikuwa anacheka, anakwenda zake. Mwaka jana akafariki.

Sasa haya nayasimulia kama nilivyoyaona, anayetaka kucheka acheke. Usingizi uliponichukua nilijikuta kwenye mazishi yake, mchana, jua linawaka. Siku ya mazishi yenyewe wanaume tulijaa kweli. Kwenye misiba hatuna mpinzani: turubai tunafunga, kaburi tunachimba, na jeneza tunagombania kulibeba. Katika ndoto ilikuwa vilevile. Nimeshika mbele, nyuma yangu mabega yamebanana. Mara jeneza linaanza kuwa zito. Nageuka, wanaume hawapo. Waliobaki ni kina mama, wamejifunga khanga viunoni, wanabeba. Mke wangu ameshika pale nilipokuwa nimeshika mimi, jasho linamtiririka usoni, nami nimesimama pembeni. Najaribu kuinua mikono, haiinuki. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona nikiwa macho.

Sijui tulifikaje sebuleni kwangu. Meza imetandikwa kitambaa cheupe, msalaba upo, mshumaa unawaka. Kina mama wanaimba, na wimbo hauna besi hata kidogo, unaelea juu juu tu. Mimi nimejificha chumbani, nachungulia nyuma ya pazia. Kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango amekaa Evarist, amevaa ile suti ya kijivu tuliyomzika nayo. Yeye haimbi. Anatazama pazia.

"Fundi," ananiita. "Toka huko."

"Nimechoka, Evarist."

"Najua." Akasogea kunipa nafasi, kama alivyozoea kufanya akinipa lifti ya kwenda saiti. "Kwani wewe ulidhani mimi nilikuwa nakuja nimepumzika?"

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi; miaka yote ile nilidhani kwenda kusali kwake ni jambo jepesi, kwamba yeye alizaliwa hivyo. Kumbe alikuwa anaamka na mgongo uliovunjwa na lori wiki nzima, anavaa shati, anakwenda kukaa katikati ya kina mama huku sisi tukimcheka kutoka vitandani. Nilimwonea huruma, na huruma yenyewe ilikuwa imechelewa.

Wimbo umekwisha. Nimeshakaa karibu naye, sikumbuki nilitokaje nyuma ya pazia.

"Mlinibeba vizuri," anasema. "Mlikuwa wengi mpaka mnakanyagana. Nikawaza, laiti mmoja tu kati ya hawa angekaa na mimi hapa siku moja, wakati bado nina sauti."

"Tusamehe, ndugu yangu."

"Mimi nimeshamaliza." Akanionyesha mke wangu kwa kidevu. Amepiga magoti kwenye mkeka, anaongoza sala, na maneno yanamkatikia katikati kwa uchovu; anapumua, anaanza tena. Hakuna anayemsaidia. "Mbebe huyu, fundi. Mbebe angali hai."

Nilitaka kumuuliza nianzie wapi, maana hata sala ya kufungua siijui vizuri. Nikafungua mdomo, nikaamka.

Kulikuwa kunakucha. Mwili uliniuma kama jana, usingizi haukuwa umeniponya kitu. Nje nilisikia kina mama wakipiga hodi, na viti vikiburutwa sebuleni. Mke wangu akaingia chumbani akinyata ili asiniamshe, akanikuta nimesimama, natafuta mkono wa shati.

"Unaumwa?" akauliza.

"Hapana. Nimechoka tu." Nikafunga vifungo, vidole havikunjiki. "Wewe kaa kidogo. Leo nafungua mimi."

Alinitazama kama anayengoja nicheke. Sikucheka. Akakaa kitandani taratibu, akajifunika uso kwa khanga, mabega yakaanza kumtetemeka, na mimi nikaenda kuwakaribisha wageni.