Kosa Ni Langu, Lakini Nimeambiwa Niandike Barua ya Kumlaumu Mhadhiri

Admin, tafadhali ficha jina langu na usitaje shule ninayofundisha. Kebirigo ni padogo, watu tunajuana hadi kwa kikohozi.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi. Chuo kikuu sijasoma, nina cheti cha ualimu tu, lakini kwetu mimi ndiye msomi. Fomu ya hospitali, barua ya chifu, ujumbe wa shule, vyote vinaletwa kwangu. Kaka yangu mkubwa aliacha shule darasa la saba ili mimi niendelee, kwa sababu baba yetu hakuweza kutusomesha wote wawili. Hajawahi kunisimanga hata siku moja. Yeye analima chai yake, na likija jambo la karatasi anasema tu, "Mpelekeeni Mwalimu."

Miaka minne iliyopita binti yake, nimwite Kerubo, aliitwa chuo kikuu kusomea digrii ya masomo ya kimataifa. Hakuna aliyejua hiyo ni kitu gani. Akaja kwangu na kijitabu cha idara, tukakaa jikoni, nikaanza kumfafanulia masharti. Kiingereza cha kijitabu kilikuwa kigumu. Mwanafunzi achague eneo moja la dunia alisome kwa undani. Akae miezi mitatu akifanya kazi nje ya nchi yake. Mwaka wa mwisho aandike utafiti. Na asome lugha moja ya kigeni kwa miaka miwili mfululizo, hatua kwa hatua.

Hapo kwa lugha Kerubo akasita. "Anti, mimi nilikuwa nafikiria Kifaransa."

"Cha nini? Sisi nyumbani tunaongea Ekegusii. Kiswahili tulikikuta shuleni, basi hicho kwetu ni kigeni. Chukua Kiswahili, upate A."

"Kuna namba ya mshauri wa masomo hapa. Nipige nimuulize?"

"Umpigie nani na mimi niko?"

Jamani, sikuwa na uhakika. Niliona tu aibu kumwambia mtoto kwamba sijaelewa. Muhula wa kwanza alinipigia akasema wenzake wako Kifaransa na Kichina. Nikamwambia hao ni watoto wa Nairobi, Kiswahili kinawashinda. Akacheka, akaendelea.

Kerubo alitimiza yote. Alikaa Uganda miezi mitatu, utafiti wake ukasifiwa, na shirika moja linalohudumia wakimbizi likamwahidi kazi akipata cheti. Mwaka huu orodha ya wanaofuzu ikatoka, jina lake halimo. Alipoenda ofisini, mhadhiri anayemshauri alimfungulia kijitabu kile kile. Lugha ya kigeni, wameandika, ni ile ambayo si lugha ya taifa wala lugha rasmi katika nchi ya mwanafunzi. Kiswahili chake chote kilikuwa kimehesabiwa kama masomo ya ziada. Lazima aanze lugha nyingine kutoka mwanzo. Miaka miwili.

Maelezo hayo yalikuwa upande wa pili wa ukurasa. Sikuufunua.

Alipoleta habari nyumbani, baba yake aliuliza ni nani alimwelekeza vibaya. Mimi nilikuwa nimekaa papo hapo na kikombe cha chai mkononi. Kerubo hakunitazama. Akasema, "Ni mhadhiri wangu, baba."

Nikanywa chai yangu. Nilitaka kusema, mdomo ukakataa.

Baadaye nilimfuata kwenye migomba nikamuuliza kwa nini amesema uongo kwa ajili yangu. Akaniambia, "Anti, baba hana mwingine wa kumsomea. Akijua ni wewe, ataamini nani tena?" Kisha akalia, na mimi nikashindwa hata kumshika bega.

Sabato iliyopita baada ya ibada kaka aliwaeleza wazee wa kanisa. Wawili wamekubali kumsindikiza hadi chuoni. Akanijia akiwa na hasira ambayo sijawahi kuiona kwake. "Mwalimu, wewe ndiye unajua kuandika. Andika barua kali. Huyo mtu aondolewe, asije akaharibu watoto wa wengine."

Juzi Kerubo amenipigia kutoka chuoni. Mhadhiri huyo huyo anamwombea idara imruhusu asome hatua mbili za Kifaransa kila muhula, ili amalize kwa mwaka mmoja. Bado hawajajibu. "Barua ya baba ikifika, nani atanisaidia?" Nikamwambia basi niache niseme ukweli. Akanisihi nisiseme. Anasema baba yake tangu siku ile hali chakula vizuri, na jambo lingine likiongezeka ataanguka.

Jana nilijikaza nikaenda shambani. Nilimkuta kaka peke yake akichuma chai. Nikamwambia, "Kaka, nina neno." Akafuta mikono kwa suruali, akanitandikia gunia nisilowe kwa umande, akasema, "Sema, Mwalimu." Alinitazama vile anavyonitazama siku zote, kama mtu anayesubiri kuelezwa mambo yalivyo.

Nikamwambia barua imekaribia kuisha.

Sijaandika hata mstari. Nikiiandika, namchafua mtu asiye na hatia na kumfungia Kerubo mlango wa mwisho. Nikikataa, kaka atauliza sababu. Nikisema ukweli, sijui kama atanichukia au atanyamaza tu, na kunyamaza kwake ndiko kunakoniogopesha zaidi. Anakuja kuichukua Jumapili asubuhi, na Jumapili ni kesho kutwa. Nyinyi mnaosoma hapa, mliowahi kukosea mtu aliyewaamini hivi, niambieni: nikikaa mbele ya kaka yangu, nianze na neno gani?