Nilidanganya Ukoo Kwamba Nilikohoa

Ndugu msimamizi wa ukurasa, jina langu lisionekane. Sijilindi mimi, namlinda mwanamke nitakayemtaja. Nina miaka sabini na tisa, ni mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa kanisa, naishi Bariadi. Moyo na figo vimechoka, na daktari ameacha kunificha. Naandika mwenyewe, herufi moja moja, kwa kuwa anayenishikia simu siku zote ni mjukuu wangu, na haya hapaswi kuyaona.

Miaka mitatu iliyopita tulikaa kaya moja na mwanangu na mkewe, wao nyumba kubwa, mimi nyumba ndogo ya uani. Mwanangu alishinda wiki nzima Maswa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Mkewe, nimwite Kabula, alipojifungua mtoto wa pili mgongo ulimsumbua na mwili ukamwelemea. Alijaribu kukimbia barabarani asubuhi, vijana wa bodaboda wakamzomea wakimwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, "Mayu, unamkimbia nani? Panda tukuwahishe." Akaacha. Ndipo akaanza kufanya yoga sebuleni kwake, akifuata video za kwenye simu, mkeka chini, suruali ya kubana, mlango na pazia vimefungwa. Hakumkosea mtu yeyote.

Katika ukoo wetu wa Kisukuma, baba mkwe hasogelei alipo mkamwana bila kukohoa. Unakohoa ungali mbali, unampa nafasi ajistiri, kisha ndipo unasalimia. Usipokohoa, kosa ni lako, na unatoa mbuzi kumwomba radhi mbele ya watu.

Asubuhi ya kwanza nilisikia sauti ya mwanamke ikisema kwa Kiingereza vuta pumzi, achia pumzi. Nikasogea dirishani nijue ni nani. Pazia lilikuwa na mwanya upande mmoja. Nilimwona mkamwana wangu ameinama, viganja na nyayo vimegusa chini, kiuno kiko juu. Nilipaswa kuondoka. Sikuondoka. Kesho yake nilirudi, na sikuwa na sababu yoyote ya kurudi. Kesho kutwa nikarudi tena. Mimi, niliyewahi kuchapa wavulana kwa kuchungulia bafu la wasichana shuleni. Naandika haya na kinyaa kimenijaa mdomoni kama nimetafuna kitu kilichooza.

Siku hiyo ya tatu aligeuza kichwa, macho yetu yakakutana. Alijifunika khanga. Nikaogopa. Niliona mbuzi, niliona wazee wenzangu wa kanisa, niliona mwanangu. Kwa hiyo nikamwahi. Jioni nilimpigia simu mwanangu nikamwambia mkewe amenivunjia heshima, kwamba nilikohoa mlangoni naye akaendelea kujikunja mbele yangu makusudi.

Ukoo uliitwa. Dada yangu alitoka Dutwa, na ulimi wake mnaujua hata kama hamumjui. Alisema, "Wenzake mgongo unawauma kwa kupalilia pamba, wananyooka wenyewe. Huyu mpaka afundishwe kuinama na simu?" Watu wakacheka. Mwanangu hakucheka. Kabula alikuwa amepiga magoti mlangoni. Aliuliza jambo moja tu.

"Baba, ulikohoa?"

"Nilikohoa. Mara mbili."

Alinitazama kidogo, kisha akainamisha uso. "Haya, baba."

Angeweza kusema habari za dirisha. Alininyamazia mimi niliyemchungulia, akalinda heshima yangu wakati ninaivunja yake. Alirudishwa kwao Sapiwi na mtoto mdogo mgongoni. Binti yao mkubwa alibaki kwetu. Shangazi zake walimwambia mama yake ana tabia chafu, nami nilikuwepo nikinywa uji.

Sasa binti huyo ana miaka kumi na minne, na ndiye anayeniuguza. Miguu yangu imekakamaa, hospitali wakashauri ninyooshwe viungo. Anafungua video kwenye simu, anatandika mkeka, ananishika kisigino. "Guku, vuta pumzi. Usikaze shingo," ananiambia, maana guku ndiyo babu kwetu. Wiki iliyopita nilimuuliza amejifunzia wapi. Akasema, "Mama alikuwa ananiweka pembeni yake tunafanya wote. Guku, ni kweli alikukosea?" Nikajifanya nimesinzia. Nilimwachia mtoto aondoke na swali lake. Tangu hapo mikono ile safi ikinigusa natamani kujitapika mwenyewe.

Kinachoniharakisha ni hiki. Mwanangu amechumbia mwanamke mwingine, na Jumamosi ijayo wazee wanakuja nitoe baraka. Najua bado anampenda Kabula. Aliniambia mwezi uliopita, "Baba, ingekuwa si heshima yako, ningemfuata hata kwa miguu." Nikasema, "Mungu atakupa mwingine." Nilisema hivyo na Biblia iko mapajani.

Mchungaji nilimwambia nusu tu, akasema nitubu kwa Mungu, yatosha. Hayatoshi. Mungu siye aliyefukuzwa kurudi Sapiwi. Lakini nikisema mbele ya ukoo, nitajisafisha mimi na kumpaka Kabula upya, maana watu hawataongea juu ya macho yangu, wataongea juu ya mwili wake. Nikimwambia mwanangu peke yake, huenda asinizike, na hilo nalikubali, ila naogopa atamlaumu Kabula kwa nini alinyamaza. Nikinyamaza, Jumamosi nitabariki uongo wangu kwa mkono huu.

Wanawake mnaosoma hapa, hasa mlioolewa na kukaa na wakwe, nawaomba ninyi kwanza. Mngekuwa Kabula, mngetaka mzee huyu aseme kwa nani, na kwa maneno gani? Au mngetaka kwanza atume mtu Sapiwi awaulize ninyi wenyewe? Nijibuni kabla ya Jumamosi. Msinihurumie.