Ng'ombe wa Karatasi Aliyenona Kupita Kiasi

Saa tatu asubuhi, Mogogosiek, penye mashamba ya chai. Mellen Nyamusi anampasua ng'ombe paja kwa kisu cha jikoni. Hakuna damu. Kinachotoka ni magazeti ya mwaka jana, vipande vya mifuko ya saruji na harufu ya gundi ya uji wa ngano iliyochacha.

"Huyu lazima akonde leo," anasema, akichomoa konzi nzima ya karatasi. "Mzee wa kumkagua anakuja saa sita, mvua saa nane. Wote wawili hawana subira."

Mlangoni majirani wamejaa. Kwa Mellen hapakosi watu. Ukikuta boma limetulia, jua wamekwenda kanisani. Fancy Chepkorir, jirani na mchuma chai mwenzake, ndiye anayeongoza maneno.

"Mama Celine, ukimaliza nipunguze na mimi hapa kiunoni!"

"Wewe? Kisu kitavunjika," anajibu Mellen, na nyumba nzima inaangua kicheko.

Mellen, 44, mzaliwa wa Nyamira, alichuma chai katika shamba kubwa miaka kumi na saba, hadi mashine ikachukua nafasi yake. Siku hizi anachuma kibarua kwa wakulima wadogo. Mvua ikinyesha, anaunda wanyama.

Alianza na kondoo, kazi ya shule ya bintiye Celine. Wazazi wakauliza, huyo kondoo ametoka wapi? Leo twiga wake ni shilingi 400, na shule zikifunguliwa hupata hata 3,000 kwa wiki.

Ng'ombe huyu, hata hivyo, si wa watoto. Mwaka jana kikundi cha wafugaji kilipoteza ndama tisa, kwa kuwa wengi hawakujua kumsaidia ng'ombe aliyekwama kuzaa. Kikaagiza ng'ombe wa karatasi wa kimo kamili, mwenye mlango ubavuni na ndama ndani, wa kufundishia.

Mellen akamtia mifupa ya vijiti vya michai iliyopogolewa, akambandika karatasi tabaka saba, akamnonesha hadi akang'aa. Wiki iliyopita mwenyekiti, Mzee Aron Kiptum, akamzunguka mara moja tu.

"Mama, hii ni ya buchari, ya nyama," akasema. "Ng'ombe ya maziwa unaona nyonga. Chakula haikai kwa mgongo, inaenda kwa kiwele."

Habari zikaenea kabla ya chai ya saa nne. Asiyefuga hata mbuzi atawafundishaje wafugaji? Akikataliwa tena, kazi itapewa fundi wa Kericho mjini.

"Nilidhani ng'ombe mzuri ni mnene," anakiri Mellen. "Kumbe nilikuwa natengeneza ya sherehe."

Ndipo akaanza kwenda kwa Fancy kila asubuhi wakati wa kukamua, akipapasa nyonga na mbavu kwa viganja.

"Ng'ombe yangu sasa inafikiri inashonewa nguo," anasema Fancy.

Saa sita na robo, Mzee Kiptum anaingia. "Chamgei!" anasalimu. Wanaitikia na kumpisha njia.

Anatazama nyonga. Anahesabu mbavu. Anafungua mlango wa ubavuni, anagusa kwato za ndama. Kisha anataka kukagua kiwele. Kabla ya kuinama, anaweka kiganja mgongoni mwa ng'ombe na kumpapasa taratibu.

"Tulia, mama. Tulia."

Fancy anashindwa kuvumilia. "Mzee, haipigi teke! Ni gazeti!"

Mzee anautazama mkono wake mwenyewe, kisha anacheka hadi machozi yanamtoka.

"Alhamisi naleta pikapu," anasema akijifuta. "Na turubai, isinyeshewe. Inaitwa nani?"

"Hiyo haina jina," anajibu Mellen.

Malipo yake ni shilingi 18,000. Ataziongeza kwenye akiba yake ya chama, anunue mtamba wa kufuga kabla ya Krismasi. Mahali pa kumfunga keshapatengeneza, nyuma ya jiko.

"Jina ninalo," anasema, akifagia mapaja ya magazeti sakafuni. "Lakini nimeliweka. Ni la ile itakayokula nyasi."