Meza Moja ya Kituo cha Mbung'o

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa gauni refu na mtandio mweupe, nikatembea kutoka mjini Tororo hadi ng'ambo ya reli, kilipokuwa kituo cha utafiti cha Idara ya Zuolojia. Chuo kikuu chenyewe kilikuwa mbali, Kampala. Sisi tulikuwa tawi lake la porini, mahali pa kuchunguza mbung'o, yule nzi anayeeneza malale. Nilikuwa msichana pekee aliyeajiriwa pale, na Mwislamu pekee. Baba yangu alikuwa dereva wa lori. Nyumbani kwetu tulisema Kiswahili, kwa kuwa wazee wetu walitoka pande mbalimbali na hakuna aliyekuwa na lugha ya mwenzake.

Mkuu wa Kituo alikuwa mtaalamu mrefu, mpole, kutoka magharibi ya nchi. Tulimwita Daktari tu. Alinikalisha mbele ya hadubini, akanionyesha jinsi ya kupasua mbung'o kwa sindano mbili na kuzitoa tezi zake za mate bila kuzikata, kwa maana humo ndimo wanamokaa vijidudu vya ugonjwa. Nilizikata. Akaniletea mwingine, nikazikata tena. Hakunigombeza. Alisema nizoee kwanza kupumua polepole.

Saa ya chai nikaona jambo lililonishangaza. Wahadhiri walinywea chai ofisini. Wanafunzi waliotoka Kampala walikaa barazani na Kiingereza chao. Wategaji, wengi wao watu wa vijiji vya Merikit na Mella waliotega na kukusanya nzi, walikaa nyuma karibu na banda la mbuzi. Mimi sikujua niende wapi, nikanywa nimesimama.

Nadhani Daktari aliniona, maana wiki iliyofuata alitoa meza ndefu ya maabara akaiweka uani. Akatangaza kwamba chai itanywewa hapo, na kabla ya chai kila mtu ataeleza kazi yake kwa lugha anayoiweza, nayo itafasiriwa mpaka wote waelewe. Mhadhiri mmoja alinung'unika kwamba hiyo si sayansi. Daktari akamjibu kwamba mtegaji asiyejua kwa nini anatega atatega popote, na mwanafunzi asiyemsikia mtegaji ataandika uongo.

Kazi ya kufasiri ikawa yangu. Kiingereza nilikipata shule, lugha ya wategaji niliipata sokoni, na Kiswahili kilituunganisha na Wafula, mtegaji wetu mkuu, Msamia wa Busia upande wa Kenya. Alivuka mpaka kila Jumatatu, akarudi kwake Ijumaa. Wafula alikuwa mcheshi. Aliniita dada tangu siku ya kwanza.

Tatizo lilikuwa Kiswahili chenyewe. Wakati huo nchi ilikuwa mikononi mwa wanajeshi, na wanajeshi walisema Kiswahili. Kwetu mpakani kilikuwa lugha ya kununulia samaki. Kwa wanafunzi wa Kampala kilikuwa sauti iliyobisha mlango usiku. Mmoja wao, Nakato, msichana mwembamba aliyekuwa akisomea shahada ya pili, alikuwa akiinamisha kichwa kila nilipofasiri. Baba yake alichukuliwa na watu waliosema lugha hiyo, hakurudi. Niliambiwa na wenzake. Yeye hakuniambia kitu. Hata hivyo taratibu alianza kunisogelea, akaniuliza maneno: mtego, buu, bawa. Nilifurahi mno, kwa sababu sikuwa na rafiki pale.

Kisha likatokea la kizuizi cha barabarani. Tulikuwa tumetoka kukagua mitego karibu na Busia, mimi, Nakato, wanafunzi wawili na dereva, tukasimamishwa. Askari akatazama vizimba vya nzi, akamtazama Nakato, akamshika mkono ashuke.

"Huyu nakwenda na sisi kidogo," alisema.

Nilishuka kabla yake. Nikamsalimu yule askari kwa salamu ya Kiislamu, nikamwambia, "Huyo ni wifi yangu, afande. Mke wa kaka yangu. Mwache tufike nyumbani."

Akaniuliza mimi mtoto ya nani. Nikataja jina la baba. Askari akacheka, akasema mzee huyo aliwahi kumpa lifti kwenye lori mvua ikinyesha. Akauachia mkono wa Nakato, akatufungulia njia.

Garini wote waligeukia madirisha. Nilidhani ni hofu ya yaliyotokea. Asubuhi nilipokaa mezani, mazungumzo yalikatika. Mwanafunzi mmoja akahamisha kikombe chake, mwenzake akamfuata, na Nakato naye, macho chini. Wafula aliniambia baadaye, kwa uchungu, yanayosemwa: kwamba baba yangu anajulikana na askari, na kwamba kila linalosemwa mezani linafikishwa kambini.

Siku hiyo Daktari alikuja na kiti chake, akakiweka kando ya changu, akaniomba nifasiri kama kawaida. Nilifasiri. Akafanya hivyo kesho yake, na kila siku baada ya hapo, akiniuliza kuhusu tezi na vijidudu kwa sauti ya kusikika na wote. Wengine walirudi taratibu, ila hawakunirudia mimi. Walizungumza mbele yangu habari za mvua tu. Nakato alimaliza utafiti wake akaondoka. Alinishika mkono kwa muda mrefu.

Mambo ya nchi yalizidi kuharibika. Petroli ikakosekana, wanafunzi wakaacha kuja, wahadhiri wakapungua mmoja mmoja. Jumatatu moja Daktari hakufika. Wafula alifika akiwa amechoka, akanivuta kando ya banda.

"Dada, Daktari amevuka. Mimi ndiye nilimpitisha Busia, na wachuuzi."

Nikamuuliza kama aliacha neno kwangu. Wafula alitazama pembeni. Alisema Daktari alimwomba nisiambiwe mpaka awe ameshafika.

Baadaye Wakenya nao wakaanza kutiliwa mashaka, na Wafula akaacha kuja. Wategaji wakarudi mashambani. Nikabaki na mbuzi na vizimba. Mbung'o hatagi mayai. Huzaa buu mmoja mmoja, kwa hiyo ukikosa kumlisha damu ya mbuzi siku chache kizazi chote kinapotea, na miaka ya kukifuga nayo. Niliwalisha. Asubuhi niliketi kwenye meza ile ndefu nikaeleza kazi ya siku kwa sauti, kwa Kiswahili, kisha nikanyamaza, maana hapakuwa na wa kumfasiria.

Utawala ule ulipoanguka, kituo kikapata mkuu mpya na vijana wapya. Nami nikapanda mpaka kuwa fundi mkuu wa maabara. Daktari alirudi mara moja tu, kututembelea, nywele zimekuwa nyeupe. Tulipobaki wawili nilimuuliza kwa nini hakuniaga. Nilitarajia aniambie alitaka kunilinda nisihojiwe.

"Nilikuogopa, Zaituni," alisema. "Sikuwa na hakika nawe. Kila asubuhi nilipokaa pale kando yako, nilikuwa nakuogopa."

Nikamwambia nilijua.

Iliniuma kwa miaka. Nilipostaafu walinifanyia sherehe, wakasema mimi ni mama wa idara, na nikarudi nyumbani kwenye vyumba vyangu viwili vilivyo kimya. Ndugu zangu wengi walihamia upande wa Kenya wakati wa vita vilivyouangusha utawala ule, wakabaki huko. Nina muda mwingi wa kufikiri.

Hivi karibuni vijana wa idara walinijia. Wana kamati ya kuhakikisha hakuna anayeachwa nje, awe mkimbizi, mlemavu au mtu wa dini nyingine, na walitaka kujua sisi tulifanyaje. Niliwaambia wasingoje mpaka wamwamini mtu ndipo wakae naye. Wakae naye wakiwa na woga wao. Atajua kwamba wanamwogopa. Mimi nilijua kila siku. Lakini asubuhi zile zote, nilikuwa na mtu kando yangu.