Swali la Mama wa Muze

Juzi nilikuwa Mahakama Kuu hapa Sumbawanga, nimeketi karibu na mama mmoja wa Muze. Mwanawe alifungwa kwa wizi wa maksai, akakata rufaa. Mama alinishika mkono kana kwamba tunafahamiana.

Jaji akasoma: "Mlalamikaji alisema tu kwamba maksai ni wake. Hakutaja alama hata moja kabla ya kuonyeshwa mnyama huyo. Ushahidi huu hautoshi. Hatia imefutwa. Mrufani aachiwe huru, isipokuwa kama anashikiliwa kwa sababu nyingine halali."

Mama akashtuka. "Isipokuwa nini tena, mwanangu?"

"Ndivyo wanavyomalizia, mama. Ameshinda! Unarudi naye nyumbani leo."

Alipiga kigelegele, karani akaangusha kalamu. "Kimya, mama!" askari akafoka. Jaji akainamia karatasi zake, lakini tabasamu nililiona.

Nje, huku amemkumbatia mwanawe, mama alinigeukia. "Kwani kule mwanzo hawakuuliza huyo maksai ana alama gani?"

Kijana amekaa gerezani miaka miwili kwa kukosekana kwa swali ambalo mnadani kila mnunuzi wa ng'ombe huanza nalo.